Kitasa Kililaumiwa, Bawabu Akatozwa: Somo la Mlango wa Kioo wa Madrasa

Watoto 31 walikuwa ndani ya chumba cha madrasa pamoja na ustadhi wao, siku mlango ulipokataa kufunguka. Ilikuwa baada ya Swala ya Alasiri. Mvua ya upepo ilikuwa imeanza kuingia barazani, na ustadhi akausukuma mlango wa kioo mpaka mwisho wa reli yake ili maji yasifike kwenye mkeka, kisha akaufunga kwa ndani. Somo lilipokwisha akashika kitasa kukigeuza. Hakikugeuka. Akashika kwa mikono miwili. Hakikugeuka. Madirisha ya chumba kile yana nondo, na mlango mwingine haupo.

Sisi tuliokabidhiwa daftari la kumbukumbu la kamati ya msikiti tulikuwa nje, upande wa pili wa kioo. Tuliwaona watoto, nao walituona. Wakubwa walicheka mwanzoni, wadogo wakaanza kulia, na wazazi waliokuja kuwachukua wakajaa barazani kila mmoja na shauri lake. Mmoja alisema kioo kivunjwe. Mwingine alisema nondo zikatwe. Ilipita nusu saa na zaidi kabla ya kupatikana fundi wa milango ya alumini, mtu mzima mwenye karakana yake mtaa wa pili.

Fundi yule hakukigusa kitasa. Aliomba mtaimbo, kipande cha ubao na kanga kuukuu. Aliukunja ubao ndani ya kanga, akauweka chini kama egemeo, akaingiza ncha ya mtaimbo chini ya ukingo wa mlango, upande ule wenye kitasa, akaunyanyua taratibu kiasi cha unene wa sarafu. Kisha akamwambia ustadhi aliye ndani, "Geuza sasa." Kitasa kikageuka kwa kidole kimoja. Watoto wakatoka.

Tulipomshukuru na kumwuliza tununue kitasa cha namna gani safari hii, alitutazama akasema, "Katibu, kitasa hiki ni kizima. Mlango wenu ndio ulioketi."

Maneno hayo yalituchoma, kwa sababu daftari letu lilikuwa limeandika kinyume chake mara tatu. Katika vikao vitatu tuliandika: kitasa cha mlango wa madrasa ni kibovu, kinunuliwe kipya. Vilinunuliwa viwili kwa zamu, na kila kimoja kiliharibika baada ya miezi michache. Cha kwanza kilipovunjika tulisema ni bidhaa duni. Cha pili kilipovunjika tulimtafuta mwenye kosa, tukampata mzee wetu bawabu, ambaye hufunga na kufungua kila siku. Tulisema anatumia nguvu. Tukaamua bei ya kitasa ikatwe katika posho yake kwa miezi miwili, naye hakubishana. Alisema neno moja tu, kwamba mlango ni mzito na hauji mpaka aunyanyue kwa bega. Neno hilo hatukuliandika.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya kila nyumba yenye mlango wa namna hii, maana leo milango ya kioo ya kusukuma imeenea majumbani, maofisini na misikitini. Tunayaandika pia kwa sababu deni letu kwa mzee yule halikuwa la fedha peke yake.

Uzito unakaa wapi

Wazee wetu wa pwani walijua mlango wa mbao. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wa Zanzibar una mbao mbili nzito zinazokutana kwenye mfaa, nao hufungwa kwa mnyororo na kufuli kwa nje, na kwa pingo nene kwa ndani. Pingo likiingia mahali pake, tofauti ya upana wa kidole haidhuru kitu.

Mlango wa kioo wa kusukuma ni kiumbe kingine. Hauna bawaba. Uzito wake wote umekaa juu ya magurudumu madogo yaliyofichwa chini ya fremu yake, nayo hutembea juu ya reli nyembamba. Na uzito huo si mdogo. Kioo cha unene wa milimita 6 kina uzito wa takriban kilo 15 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo ubao mmoja wa mlango wenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 2 na sentimita 10 hubeba karibu kilo 28 za kioo, bila kuhesabu alumini yenyewe.

Kitasa chake nacho hakina ulimi ulionyooka kama cha mlango wa mbao. Kina kulabu. Ukigeuza kidole cha kitasa, kulabu hutoka ubavuni mwa mlango, huingia katika tundu la bamba la chuma lililofungwa kwenye fremu ya ukutani, kisha hujinasa hapo. Ili kulabu iingie vizuri, lazima ikutane na tundu lile mahali pake hasa. Mlango ukishuka milimita chache tu, kulabu hugonga ukingo wa tundu, au huingia kwa kubanwa na kukataa kutoka.

Mlango hushuka kwa sababu nyepesi. Miguu huleta mchanga. Maji ya udhu hudondoka, huingia katika reli na kugeuza mchanga kuwa tope. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hula chuma cha magurudumu. Reli nyingi zina vitundu vya kutolea maji, lakini vikizibwa na nywele na vumbi, maji hutuama humo. Gurudumu likikwama halizunguki tena, linaburuzwa. Likiburuzwa hulika upande mmoja, na mlango huketi.

Hapo ndipo mwenye nyumba hugeuza kitasa kwa nguvu. Kulabu nyingi za vitasa hivi si za chuma cha pua, bali ni za madini mepesi ya kumiminwa, na ndani yake mna springi ndogo. Nguvu ya mkono inatosha kuzivunja. Kitasa kipya kikifungwa juu ya mlango ulioketi, nacho kitavunjika vilevile. Ndivyo fedha ya msikiti wetu ilivyokwenda mara mbili.

Upimeni mlango kabla ya kitasa

Fundi alitufundisha vipimo vitatu ambavyo mtu yeyote, mama wa nyumbani au kijana wa shule, anaweza kuvifanya bila kununua kitu.

Cha kwanza, fungua mlango, uache wazi, kisha geuza kitasa. Vitasa vingine vina kitufe kidogo ubavuni kinachozuia kulabu isitoke mlango ukiwa wazi. Hicho kibonyeze kwa kidole unapogeuza. Kulabu ikitoka na kurudi kwa wepesi, kitasa ni kizima na kasoro iko katika kukutana kwake na fremu. Ikikwama hata mlango ukiwa wazi, hapo kweli kitasa ni kigonjwa.

Cha pili, paka wanja au chaki kwenye ncha ya kulabu, sukuma mlango, ujaribu kuufunga. Ukifungua utaona alama mahali kulabu ilipogonga. Alama ikiwa chini ya tundu, mlango umeshuka. Ikiwa juu, mlango umenyanyuliwa mno au bamba limehama.

Cha tatu, sukuma mlango mpaka ubaki mwanya mdogo kati yake na fremu ya ukutani, kisha tazama mwanya huo kutoka juu hadi chini. Ukiwa sawa, mlango umesimama wima. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, mlango umeinama na gurudumu moja limeshuka kuliko jingine.

Kusafisha na kunyanyua

Kazi ya kwanza ni kusafisha reli. Tumia brashi ya meno ya zamani na kijiti kutoa tope kwenye pembe, zibua vitundu vya maji, osha kwa maji ya sabuni, kisha kausha kwa kitambaa. Wengi wetu tukiona mlango mzito hukimbilia mafuta ya kupikia au ya nazi. Mlango hulainika kwa siku kadhaa, kisha mafuta yale hunasa mchanga na kuwa kama msasa. Kama kuna haja ya kulainisha, tumia mafuta makavu ya silikoni ya kupuliza. Ndani ya tundu la ufunguo, unga uliokwanguliwa kutoka katika risasi ya penseli unatosha.

Baada ya kusafisha, tazama chini kabisa ya ubavu wa mlango, kila upande. Aghalabu utakuta tundu dogo, pengine limefunikwa kwa kizibo cha plastiki. Ndani yake mna skrubu inayopandisha na kushusha gurudumu. Mtu mmoja aunyanyue mlango kidogo ili kuupunguzia gurudumu mzigo, mwingine ageuze skrubu kwa bisibisi robo mzunguko, kisha mtazame: mlango umepanda au umeshuka? Usigeuze zaidi kabla ya kujua. Endelea kidogo kidogo, pande zote mbili, mpaka mwanya uwe sawa na alama ya wanja iingie katikati ya tundu. Usiupandishe mlango hadi ukasugua fremu ya juu.

Ikiwa kulabu inapishana na tundu kwa kiasi kidogo sana, huenda lisiguswe gurudumu kabisa. Legeza skrubu za bamba la ukutani, lisogeze juu au chini, kaza tena. Mabamba mengi yametobolewa matundu marefu kwa ajili hiyo.

Lakini skrubu ya chini ikizunguka na mlango usipande, magurudumu yamekwisha na lazima yabadilishwe. Hapo mlango hutolewa: huinuliwa mpaka uzame katika mfereji wa juu, kisha sehemu ya chini huvutwa nje ya reli. Hii ni kazi ya watu wazima wawili, watoto wakiwa mbali. Kioo kilichotiwa nguvu kwa moto hustahimili pigo la katikati kuliko kioo cha kawaida, lakini kikigongwa ukingoni huweza kupasuka chote kwa mara moja na kuwa punje ndogondogo. Kioo cha kawaida hupasuka vipande virefu vyenye makali kama kisu. Kwa yeyote asiye na uzoefu, aitwe fundi.

Katika mlango wetu, gurudumu moja lilikuwa limeshika kutu na jingine limelika mpaka nusu. Fundi aliyabadilisha yote mawili siku iliyofuata. Kitasa kilekile kilichotajwa kuwa kibovu katika daftari letu ndicho kinachofunga hadi leo.

Kitasa kikiwa kibovu kweli

Ikiwa kipimo cha kwanza kimeonesha kwamba kitasa chenyewe ndicho kigonjwa, kukibadilisha si kazi ngumu. Fungua skrubu mbili za mshikio kwa ndani, huku mtu akiushika ule wa nje usianguke. Kisha fungua skrubu mbili za ubavuni mwa mlango, moja juu na moja chini ya kulabu. Kitasa kitatoka katika nafasi yake.

Kosa la wengi ni kwenda dukani mikono mitupu na kusema, "Nataka kitasa cha mlango wa kusukuma." Vitasa hivi havilingani. Chukua kile cha zamani, hata kama kimevunjika. Na kabla ya kulipa, linganisha mambo manne: umbali kutoka katikati ya tundu la skrubu la juu hadi katikati ya lile la chini, upana na umbo la ncha za uso wake, kama ni za mraba au za mviringo, umbali kutoka uso hadi mahali kidole cha kugeuzia kinapoingia, na upande ambao kulabu inatazama, juu au chini. Jambo moja lisipolingana, fundi atalazimika kutoboa alumini, na alumini iliyotobolewa ovyo haishiki skrubu tena.

Wakati wa kufunga, anza skrubu kwa vidole kabla ya bisibisi, na usikaze kwa hasira, maana nyuzi za alumini huliwa upesi. Kwa nyumba za pwani, nunua skrubu za chuma cha pua. Na kabla ya kuusukuma mlango, hakikisha kulabu imerudi ndani. Mlango unaosukumwa kwa nguvu huku kulabu ikiwa nje huivunja kwa pigo moja.

Anayeingia na anayetoka

Fundi alipokwisha kututoa katika dhiki, alituuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiri: "Kama mimi nimeunyanyua kwa mtaimbo nikawatoa watoto, mwizi atashindwa nini?"

Ni kweli. Mlango wenye nafasi kubwa mno katika mfereji wa juu huweza kunyanyuliwa kutoka nje. Dawa yake ni vipande vidogo vya plastiki ngumu au alumini vinavyofungwa ndani ya mfereji ule mlango ukiwa umefungwa, ili usipate nafasi ya kupanda. Familia nyingine huongeza kijiti cha mbao kilichokatwa kwa kipimo, kikalazwa ndani ya reli nyuma ya mlango. Ni ulinzi mzuri na wa bei ndogo, mradi kiwe upande wa ndani na kiweze kuondolewa kwa mkono mmoja.

Sisi tulikuwa tumefanya jambo jingine. Baada ya kitasa cha pili kuvunjika, tulitia komeo na kufuli kwa nje, ufunguo ukakaa kwa mtu mmoja. Tulijiona tumelinda mali ya waumini. Hatukujiuliza itakuwaje kufuli hilo likifungwa huku mtu amesinzia ndani, au umeme ukileta moto chumbani. Mafundisho ya dini yetu yametuhimiza kufunga milango usiku, na kisa cha yule mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mwenyezi Mungu kila mtoto wa madrasa anakijua. Lakini mlango umewekwa kwa ajili ya walio ndani kabla ya vilivyo ndani.

Kwa hiyo tumeondoa kufuli lile, na tumeomba dirisha moja la chumba litengenezewe nondo za kufunguka kwa ndani. Tunawasihi wenye nyumba nao watazame kwao. Je, bibi aliyeachwa sebuleni anaweza kuugeuza mlango mwenyewe kwa mkono wake dhaifu? Je, mtoto wa miaka saba anaweza? Je, binti wa kazi anafungiwa na ufunguo ukaenda sokoni? Mlango unaohitaji bega la mwanamume ili ufunguke tayari ni hatari, hata kama haujawahi kumfungia mtu.

Kumbukumbu zilizosahihishwa

Kamati ilikutana usiku uleule baada ya Swala ya Isha. Jambo la kwanza halikuwa mlango. Tulimwita mzee wetu bawabu, akaketi nasi. Mwenyekiti alimwambia kwamba alitozwa bila ya haki, kwamba fedha yake iko hapa, na kwamba kamati inamwomba radhi. Mweka hazina akamkabidhi bahasha.

Mzee aliipokea, hakuihesabu. Alisema, "Nilikuambieni, wanangu, mlango ni mzito." Kisha akauliza kama watoto wote walifika kwao salama.

Tuliandika kauli yake katika daftari neno kwa neno, pale ambapo ingepaswa kuandikwa miezi mingi iliyopita. Lau tungemwuliza wakati ule kwa nini anaunyanyua mlango kwa bega, angetuonesha, na tungeujua ugonjwa kabla haujawafikia watoto. Yeye ndiye aliyekuwa akiugusa mlango ule kila siku, asubuhi na jioni. Sisi tulikuwa tukiugusa kwa kalamu.

Sasa kila Alhamisi wanafunzi wakubwa husafisha reli kwa zamu, na mara moja kwa mwezi mzee hufanya kipimo cha wanja mbele yao, kisha hutupa taarifa. Mwezi uliopita alisema mlango umeshuka kidogo upande wa kitasa. Tulikwenda na bisibisi, tukageuza robo mzunguko, ukapanda.